Kompyuta Tuliyoichagua kwa Kuibeba

Sisi tuliokulia kambini Kolwezi, tuliokula unga wa kantini na kuamka kwa king'ora cha kazi, tulikuwa na namna moja tu ya kuchagua kitu: kukibeba kwanza. Wenzangu wa umri wangu mtacheka, maana mnajua. Jiwe likiwa jepesi, unalitupa. Likikuvuta mkono chini, unalipangusa vumbi, unalitemea mate, unatafuta rangi ya kijani ya mukuba, yaani shaba. Baba yangu alichambua mawe kazini maisha yake yote, na nyumbani alichambua vivyo hivyo viazi, viatu, hata redio. "Kintu ya muzuri iko muzito," alikuwa anasema, na sisi batoto tukaamini kama tulivyoamini katekisimu.

Juzi mjukuu wangu alitaka kuunganisha kompyuta yake ya kwanza, ile ya kukaa mezani. Hakutoka nyumbani. Alilala chali kwenye kiti, akafungua simu, akachagua sanduku, akachagua ekran, yaani skrini, akachagua kila kipande kwa kidole gumba, na vitu vikafika toka Lubumbashi kwa basi. Kilichomsumbua sana ni rangi ya taa za ndani. Taa za ndani! Sanduku lina kioo ubavuni ili watu waone taa. Nikachukua kipande kimoja, nikakibeba. Kilikuwa chepesi kama biskuti. Nikamwambia, "Hii haina kitu." Alicheka mpaka akakohoa.

Ile ya kwetu, ya kwanza, ilinijia yote mara moja, pamoja na harufu ya kuku.

Hiyo harufu ya kuku nitaieleza. Kwanza niwaambie habari za jirani. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na ua wa matete, na upande wa pili walikaa watu wa Kasai. Nasema wa Kasai, lakini yule baba alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Aliyetoka Kasai ni baba yake, aliyeletwa na kazi akiwa kijana. Walipata mapasa, yaani mapacha, wa kike, na kwa desturi yao wa kwanza akaitwa Mbuyi, wa pili Kanku. Toka siku hiyo watu wakasahau majina ya wazazi wenyewe. Baba akawa Shambuyi, mama akawa Mwambuyi, yaani baba na mama wa Mbuyi. Kanku alikufa angali anatambaa, akazikwa kwenye makaburi nyuma ya misheni. Lakini kwa watu wale pasa hahesabiwi peke yake. Mwambuyi akikata mukate wa Mbuyi, alikata na wa Kanku, na Mbuyi ndiye aliyekula vipande vyote viwili. Ndiyo maana alinishinda mbio. Nilikuwa na wivu na mukate wa yule marehemu, Mungu anajua.

Tulicheza pamoja kila siku, mimi na Mbuyi. Tulipanda vilima vya udongo wa mugodi tukateleza kwa vipande vya bati mpaka kaptula zikawa nyekundu milele. Tulikula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo kwao au kwetu, kutegemea moshi wa nani ulitoka kwanza. Jumamosi kantini ikigawa samaki, harufu ya tomson ilifunika kambi yote, na paka walitembea kama mabwana. Shuleni nilikuwa mbovu. Mbuyi alinisukumia jibu kwa kidole mgongoni, mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Sijui alijifunza wapi. Darasa langu la mwisho liliisha hivyo, kwa vidole vya Mbuyi, maana baadaye shule zenyewe zilifungwa na sikurudi tena. Kama hapa naandika vibaya, mvumilie.

Basi, ukaja ule wakati mnaoujua. Mugodi mmoja uliporomoka, mishahara ikakatika, kantini ikabaki na milango tu. Kisha watu wakavunja maofisi na madepo, wakabeba hata vitasa. Kwa miezi mingi soko lilijaa vitu ambavyo aliyevibeba hakujua ni vya nini. Niliona mama mmoja akifulia nguo juu ya klaviye ya kompyuta, anasugua kola kwenye vitufe, tak-tak-tak, na nguo zinatakata vizuri. Ekran zilikuwa viti vya wauza mihogo. Na mama yangu, kwa uchache wa kreti, alipata sanduku la chuma la kompyuta, akaweka majani ndani, kuku wake mwekundu akalipenda sana. Alitaga humo kila asubuhi, na akitoka alipiga kelele kama mke wa mkurugenzi.

Sasa Shambuyi alikuwa amefanya kazi kwenye ofisi ya mashine za hesabu. Ofisi ilipovunjwa alibaki na suruali moja nzuri na kichwa chake. Aliwaza hivi: akiwa na kompyuta moja inayofanya kazi, ataweka meza karibu na ofisi ya komini, ile ya serikali ya mtaa, atawapigia watu barua na maombi, na Mwambuyi hatauza tena vikombe vyake. Vipande viko sokoni, vimetupwa tu. Kuvijua anavijua. Kilichomshinda ni kwenda sokoni, maana wakati huo huo vijana wa mjini walikuwa wameanza kuwapiga wanaume wa Kasai hadharani, wakisema hapa si kwao. Walikuwa wanawaita bilulu. Wadudu. Jirani yetu aliyevaa tai Jumapili na kuniombea kwa Kilatini nilipougua surua, aliitwa mdudu na mtoto niliyemzidi umri.

Akatuita chini ya dirisha lake. "Batoto, mi siwezi tena kutembea sokoni. Nyie njo mutakuwa miguu yangu."

Ndivyo tulivyopewa kazi ya kuchagua kompyuta, mimi na Mbuyi, watoto ambao hatujawahi kuona moja imewashwa.

Sanduku lilikuwa rahisi, lilikuwa kwetu. Rahisi ni maneno. Mama alisimama mlangoni na mwiko. "Munataka kufukuza kuku yangu mu nyumba yake?" Mbuyi akapiga magoti kwa heshima, akaahidi kumjengea kuku nyumba nyingine ya matofali. Mama akacheka bila kutaka kucheka. Tulisugua sanduku kwa mchanga na majivu, lakini ile harufu haikutoka, na kuku naye hakukubali. Hata kompyuta ilipokwisha kusimama mezani, aliingia kila asubuhi kuitazama, anainamisha kichwa, anasema kok, kok, kama mtu anayedai kiwanja chake.

Ekran zilikuwa mbili kwa mzee mmoja wa sokoni mwenye waya wa kuran, yaani umeme, wa kujaribia. Moja ilitoa nukta ya rangi ya machungwa, nyingine ya kijani.

"Chukua ya machungwa," Mbuyi akasema. "Inafanana na jua."

"Jua unaliona bure kila siku. Hii ya majani ni rangi ya mukuba wenyewe." Nikazibeba zote mbili, moja baada ya nyingine. "Tena iko muzito."

"Wee! Kila kitu kwako ni kubeba. Hata bibi yako utamuchagua kwa kumubeba kwanza?"

Yule mzee akaingilia, "Ukimubeba uangalie mugongo, mutoto," na soko lote likatucheka. Lakini ya kijani ndiyo tuliyochukua, na tuliilipia kwa sufuria la Mwambuyi.

Kila kitu tulichagua hivyo. Ile sehemu ya kuingizia kuran tulibeba ya kila mwuzaji mpaka tukapata iliyotuvuta mabega, na Shambuyi alipoiona akasema hapo tumepatia, ina waya mwingi ndani. Tukavimba vichwa. Kwa hiyo tulipotumwa kutafuta diski, kile kipande ambacho mashine inatunzia maneno ili yasipotee ikizimwa, hatukuuliza sana. Palikuwa na mbili. Moja ndogo, nyepesi, ungeweza kuificha ndani ya kaptula. Ya pili kubwa kama tofali, ya chuma kizima, nzito mpaka Mbuyi alipoibeba akatoa sauti ya mtu mzima. Tukatazamana. Tuliibeba ile kubwa kwa zamu hadi nyumbani, tunapumzika kila kona, tunaona kama tumeiba hazina.

Shambuyi aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akakaa chini.

"Mumeniletea jiwe."

"Tata, iko muzito sana," nikasema kwa majivuno.

"Njo ninaona. Hata jiwe ya kaburi iko muzito."

Alieleza kwa upole kwamba ile ilikuwa ya zamani, imechoka, na kwamba ile ndogo ndiyo iliyokuwa nzuri. Tulikimbia kurudi, mwenye nayo alikwisha kuondoka. Shambuyi aliifunga hivyo hivyo, akaipa kuran. Ikanguruma kama kinu cha mahindi, ikapiga kok, kok, ikanyamaza. Kuku mlangoni akaitikia. Tulicheka kweli, hata Shambuyi. Nakumbuka alifuta miwani yake na shati huku mabega yanatikisika. Ilikuwa mara ya mwisho kumuona anacheka namna hiyo.

Maana wiki ile ile walikuja vijana kuangalia nyumba yao. Walipima madirisha kwa mikono, wakagombana nani atachukua chumba cha mbele, na Mwambuyi amesimama hapo hapo na bakuli la maharage. Baada ya siku chache jirani zetu waliambiwa: tokeni. Kote kambini watu wa Kasai walikuwa wanatolewa, wanakwenda kukaa kwenye gare kungojea treni ya kuwarudisha Kasai. Kuwarudisha! Mbuyi hakuwa hata ameona Kasaji, mji wa huku huku kwetu, achia mbali Kasai.

Asubuhi ya kutoka, Shambuyi alifanya jambo la ajabu. Watu wengine walikuwa wanafunga magodoro. Yeye alihamisha kompyuta kwa kipande kimoja kimoja juu ya ua wa matete, akaiunganisha mezani kwetu. Alikuwa na disketi moja ya kuwashia. Aliisukuma ndani, na ile mashine, iliyojaa vumbi letu jekundu, ikaisoma mara moja, kisha ikaikwaruza kabisa. Disketi ikafa. Lakini ekran ikawaka. Kijani! Nukta ndogo ikawa inapepesa kama jicho.

Mama aliacha chungu jikoni akaja. Baba alivua kofia.

"Sasa andikeni," Shambuyi akasema.

Mbuyi aliandika kwa kidole kimoja, anatafuta kila herufi. SHAMBUYI. MWAMBUYI. MBUYI. Akasimama kidogo. Kisha KANKU. Mwambuyi akafunika mdomo kwa kitambaa.

Shambuyi akanieleza, kwa sababu mashine ilikuwa inabaki kwetu. Diski haiwezi kutunza, disketi imekufa. Maneno haya yanakaa hapa kwa nguvu ya kuran peke yake. Ikizimwa, yanakwenda, na hakuna namna ya kuiwasha tena.

Hapo Mbuyi akanishika mkono. Alinibana sana. "Shee tunaenda, Kanku anabakia hapa peke yake. Usizimishe."

Watu wazima wangesema ni mambo ya kitoto. Lakini Mama hakusema hivyo, wala Mwambuyi. Nikajibu, "Sitazimisha." Kisha baba yangu, ambaye kazini kwake walikuwa wanahesabu nani anawasalimia bilulu na nani hawasalimii, akanyanyua godoro lao kichwani, akatangulia nalo barabarani kati ya watu waliosimama kupiga miluzi. Akatembea taratibu, kama anapeleka maiti.

Gare mnaikumbuka. Wengine wenu mlipita mkiangalia pembeni. Watu walilala juu ya saruji, chini ya mabati, chini ya meza zao wenyewe, mvua inanyesha juu yao na treni haiji. Watoto walikohoa. Kila siku kulikuwa na kilio upande fulani, na wanaume wakitoka na kitu kidogo kimefungwa kwenye kitenge. Mama alipika, nami nilipeleka bakuli. Mbuyi aliniona kutoka mbali, na kabla ya kuangalia kuna chakula gani, aliuliza:

"Iko inawaka?"

"Iko inawaka."

"Na Kanku?"

"Na Kanku."

Ndipo anakula.

Nyumbani Mama alinung'unika bila kupumzika. Mashine inalia kama mbu. Inatia joto nyumbani. Majirani wanauliza kwa nini tunatunza kitu cha wale watu. Lakini nilimkuta akiipangusa vumbi kwa ncha ya kitenge, na alipofagia aliuzunguka ule waya kama watu wanavyomzunguka nyoka. Kuku mwekundu naye siku moja akataga juu ya sanduku, pale penye joto, na hakuna aliyemfukuza. Siku iliyofuata Mama alimchinja yule kuku, akapika nyama yote, akaipeleka mwenyewe kwenye gare.

Kisha mtu alikata waya wa kambi. Nyakati zile ndivyo ilivyokuwa: kazi hakuna, mukuba juu ya nguzo uko mwingi, watu wanaukata wanauuza kwa uzito. Ilikuwa asubuhi, nimekaa mbele ya ekran na kikombe cha chai bila sukari. Sauti ya mbu ikakatika. Ile kijani ikakusanyika katikati, ikawa nukta, ikaisha. Nikabonyeza vitufe vyote. Nikalibeba sanduku, nikalitikisa. Mama akaja, akaangalia kioo cheusi, akanivuta sikio kwa upole, kama mtu anayetaka kunishika tu.

"Twende. Chakula itapoa."

Njia yote nilitafuta namna ya kumwambia Mbuyi. Nilipanga maneno, nikayapangua. Mama alitembea mbele, beseni kichwani. Tulipofika, treni ilikuwa imekuja. Ilikuwa imekuja na ilikuwa inaondoka, mabehewa ya kubebea mizigo, watu mlangoni, watu juu, mikono kila mahali. Wanaobaki walikimbia pembeni. Sikuona mtu ninayemjua, kisha nikamuona Mbuyi, amekaa mlangoni mwa behewa, baba yake amemshika mkanda wa gauni kwa nyuma. Naye akaniona.

"Iko inawaka?"

Nikakimbia kando ya behewa. Treni inatembea, naye anageuza shingo, anauliza tena, sura imeanza kuharibika.

"Iko inawaka?"

Mama akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake, si kabla, si baadaye. Mishipa ya shingo ilisimama.

"Iko inawaka, mwanangu! Iko inawaka! Majina yote! Na Kanku!"

Nikamuona Mwambuyi ndani ya behewa akiinua mkono. Mbuyi akaitikia kwa kichwa, akatabasamu, akanionyesha kidole kimoja hewani. Mara moja, ndiyo. Kisha kona ikawachukua, upande wa Tenke.

Mama aligawa chakula kwa waliokosa nafasi, kisha akakaa chini kwenye saruji kati yao, na beseni tupu mapajani.

Sijui kama walifika. Wengi hawakufika, hilo tunalijua wote, ingawa hatulisemi tukikutana kwenye harusi. Nimeuliza madereva, nimeuliza watu wanaotoka Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi. Mbuyi ni wengi kule, kila nyumba yenye mapasa ina wake.

Kompyuta ilirudi sokoni kipande kwa kipande, maana tulihitaji kula. Ekran ikawa unga. Sanduku likapata kuku mwingine, mweupe, asiye na maringo. Kilichobaki ni ile diski nzito. Inazuia mlango wangu usipigwe na upepo, na kazi hiyo inaiweza.

Na Mama, toka siku ya treni, alianza kwenda kwenye makaburi nyuma ya misheni. Aling'oa majani kwenye kaburi la Kanku, akapaka chokaa, akakaa kidogo, akamwita jina kwa sauti. Nilimuuliza mara moja tu kwa nini. Akajibu, "Nilisema iko inawaka. Unataka nikuwe mwongo?" Alifanya hivyo mpaka miguu ikamkatalia. Sasa naenda mimi, na baiskeli.

Enzi zile tulikuwa na kambi iliyojaa watu, na mashine moja isiyoweza kukumbuka kitu. Siku hizi batoto hawa wana mashine zinazokumbuka kila sahani waliyokula, nao hawajui nani alikaa upande wa pili wa ua. Siwalaumu. Hakuna aliyewaambia. Nyumba ya Shambuyi ina watu wengine, wazuri tu, nao hawajui.

Mjukuu wangu alimaliza kuunganisha yake jana mchana. Taa zikawaka ndani ya kioo, bluu, nyekundu, kama baa. Akaniambia, "Babu, andika wewe wa kwanza." Nilikaa. Nikatafuta herufi kwa kidole kimoja, moja moja, yale majina manne. Akauliza ni nani, nikamweleza, na hakucheka. Kisha akataka kuifunga. Akaniambia niwe na amani, siku hizi hata ukizima hayapotei, yametunzwa.

Nikamwambia nimeelewa. Lakini aiache kwanza inawaka.